Sauti ya hewani, ya majini au ya ndani ya chuma: ipi ikague mirija yako?

Kiwanda kimesimama kwa matengenezo. Mezani kwako kuna bei za wakandarasi watatu. Wote wanasema watakagua mirija kwa mawimbi ya sauti, lakini bei zao zimepishana mno. Mmoja anaahidi kumaliza kibadilisha joto chenye mirija 600 kwa siku moja. Wa pili anataka siku kadhaa, na kabla hajaanza anadai mirija isafishwe mpaka chuma kionekane. Wa tatu anasema hana haja ya kuingia ndani ya bomba lolote. Inawezekana kabisa wote ni wakweli. Wanauza vipimo vitatu tofauti, na kila kipimo kina kasoro ambayo hakiioni hata ikikua kiasi gani.

Msimamo wangu nausema mapema: usianze na kifaa. Anza na kasoro unayoiogopa, na upande wa ukuta wa mrija inakozaliwa. Kisha uliza swali moja tu: sauti ya huyu mkandarasi inasafiri ndani ya nini? Ikisafiri ndani ya hewa, itakuambia habari za uwazi wa mrija. Ikipita majini na kuingia kwenye chuma, itakuambia unene wa ukuta. Ikikimbia ndani ya chuma chenyewe kwa urefu wa bomba, itakuambia ni wapi chuma kimepungua, lakini si kwa kina gani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1928 mwanasayansi wa Kisovieti Sergei Sokolov alipendekeza mawimbi ya sauti yatumike kutafuta kasoro ndani ya metali. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akapata hataza ya kifaa kinachotuma pigo la sauti na kusubiri mwangwi wake. Vifaa vyote vya sauti nitakavyovitaja hapa vinafanya kazi hiyohiyo ya kutuma na kusubiri.

Kwanza jua upande unaoliwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye boila kubwa za viwanda vya sukari, maji yako ndani ya mirija na moto uko nje. Makapi ya miwa yanayochomwa huja na mchanga wa shambani, na majivu yenye mchanga yakipita kwa kasi husaga mirija kutoka nje, hasa kwenye kona ambako moshi unabana. Wakati huohuo, maji ambayo hayajaondolewa oksijeni vizuri huchimba vishimo vya kutu kutoka ndani. Mrija mmoja, maadui wawili, kila mmoja upande wake.

Boila ndogo zinazopitisha moto ndani ya mirija, kama zile zinazopatikana kwenye viwanda vya chai, ni kinyume chake. Maji yanazunguka nje ya mirija. Vishimo vya oksijeni na ukoko wa maji magumu viko nje, mahali ambapo jicho halifiki na brashi haipiti. Kwa ndani unakuta masizi tu.

Sasa chukua kipimo kinachopima uwazi wa ndani peke yake, ukipeleke kwenye boila ya aina hii ya pili. Kitakupa ripoti nzuri, mirija yote safi, na ukuta utakuwa unaliwa kwa nje hadi siku unapotoboka. Kifaa hakikudanganya. Kilipelekwa kusikojibiwa swali lako.

Sauti ya hewani: haraka, lakini inaona uwazi tu

Huyu ndiye mkandarasi wa siku moja. Anaweka mdomo wa kifaa kwenye tundu la mrija, spika inatoa pigo fupi la sauti, maikrofoni inasikiliza. Wimbi linasafiri kwenye hewa iliyo ndani ya mrija. Popote uwazi unapobadilika, sehemu ya wimbi inarudi. Ukoko au uchafu uliobana njia hurudisha mwangwi unaoanza kwa shinikizo kupanda kisha kushuka. Mahali palipoliwa na kupanuka hurudisha kinyume chake. Tundu lililotoboka lina sura yake ya tatu. Mbinu hiyohiyo imetumika kwa miaka mingi na watafiti kupima njia za hewa za binadamu na mirija ya tarumbeta, kwa sababu hivyo navyo ni uwazi ambao huwezi kuingiza kipimo ndani yake.

Masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, si ya juu. Kwa mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, wimbi hubaki limenyooka likiwa chini ya takriban kilohezi 10, yaani sauti inayosikika kwa masikio. Hewani sauti huenda mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, kwa hiyo kwenda na kurudi kwenye mrija wa mita 6 ni milisekunde 35 tu. Hata ukirudia mapigo ili kupunguza kelele, mrija mmoja huchukua sekunde chache, takriban kumi. Mirija 600 ni karibu saa mbili za kupima, bila kuhesabu kuhamisha kifaa na kuandika namba.

Faida yake kubwa ni kwamba haina kitu kinachopita ndani. Kona haziizuii, mrija wenye umbo la U unakaguliwa kutoka upande mmoja, na aina ya metali haina maana kwake: chuma, shaba, titani, hata plastiki. Kuna hata kiwango cha kimataifa kinachoielekeza, ASTM E2906.

Udhaifu wake ni wa asili, hautaondolewa na programu mpya. Haioni nje ya ukuta. Haioni ufa uliofumba. Haikupi unene uliobaki. Inakupa mabadiliko ya uwazi, na unene unaukisia ukijua ule wa mwanzo. Maji yaliyobaki ndani husomeka kama kizuizi, kwa hiyo mirija lazima iwe mikavu. Uchafu mwembamba uliotandazwa urefu wote hufunika vishimo vilivyo chini yake. Na kwenye joto, mahesabu hubadilika: kwenye banda lenye nyuzi 35 sauti inakimbia karibu asilimia 3 zaidi kuliko nyuzi 20, na kwenye mrija wa mita 6 hiyo ni zaidi ya sentimita 15 za kukosea mahali. Fundi makini husahihisha kwa mwangwi wa mwisho wa mrija, ambao urefu wake unajulikana. Muulize kama anafanya hivyo.

Sauti ya majini: polepole, lakini inakupa milimita

Mkandarasi wa pili anatumia kipimo ambacho mafundi wanakiita IRIS. Probu nyembamba inaingizwa hadi mwisho wa mrija uliojazwa maji, kisha inavutwa kurudi. Ndani ya probu kuna kitoa sauti cha masafa ya juu, kwa kawaida kati ya megahezi 10 na 25, kikielekea kwenye kioo kidogo cha chuma kilichoinama nyuzi 45. Kioo kinazungushwa na tabo ndogo, yaani gurudumu lenye mapanga, inayosukumwa na maji yenyewe. Kila mzunguko, mwale wa sauti unafagia ukuta pande zote.

Sehemu ya sauti inarudi kutoka uso wa ndani wa mrija, sehemu nyingine inapenya chuma na kurudi kutoka uso wa nje. Tofauti ya muda kati ya miangwi hiyo miwili ndiyo unene. Tuchukue mrija wa kawaida wa vibadilisha joto, kipenyo cha nje milimita 19.05 na ukuta wa milimita 2.11. Sauti ndani ya chuma huenda takriban mita 5,900 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ndani ya ukuta huo ni sehemu kama 0.7 ya mikrosekunde. Kifaa kinagawa muda huo kwa usahihi unaokupa unene kwa takriban milimita 0.1. Zaidi ya hapo, kwa kuwa kinajua pia umbali wa maji kutoka kioo hadi uso wa ndani, kinakuambia chuma kimeliwa kutoka upande gani. Hilo peke yake, kwa mtu anayetaka kujua chanzo cha tatizo na si idadi ya mirija mibovu tu, lina thamani kubwa kuliko namba zote nyingine kwenye ripoti.

Gharama yake ni usafi. Ukoko wa nusu milimita unatosha kutawanya sauti kabla haijafika kwenye chuma. Kwa hiyo mirija inaoshwa kwa maji ya shinikizo kubwa mpaka chuma kitokee, na mara nyingi kuosha huchukua muda mrefu kuliko kupima. Maji ya kusukuma tabo lazima yachujwe. Chembe moja ya mchanga inasimamisha kioo, na mapovu ya hewa yanakata picha. Kasi nayo ni ndogo. Tuseme unavuta kwa sentimita 5 kwa sekunde: mrija wa mita 6 ni dakika 2 za kuvuta peke yake, na mirija 600 ni saa 20 kabla hujahesabu kuingiza, kujaza maji na kusimama pale picha inapopotea.

Kona kali haipiti. Ufa mwembamba haionyeshi, kwa sababu mwale unaangukia ukuta wima na ufa umesimama sambamba na mwale huo. Tundu dogo sana, chini ya milimita moja au mbili, laweza kupita bila kuonekana. Na ukuta ukishakuwa mwembamba chini ya takriban milimita moja, miangwi miwili huanza kugandana na namba haiaminiki tena. Hapo ripoti nzuri husema wazi "chini ya kiwango cha kupimika" badala ya kubuni namba.

Kati ya hizo mbili

Kama mirija imenyooka, ni ya chuma, na unaogopa kuliwa kwa nje, nunua IRIS na ulipie usafishaji wake bila kunung'unika. Kwa boila yenye moto ndani ya mirija sina shaka hata kidogo.

Kama una mamia ya mirija ya umbo la U, na historia ya kifaa chako inaonyesha kuziba na kutoboka kutoka ndani, sauti ya hewani ndiyo inayokupa picha ya mirija yote kwa siku moja. Hapo IRIS ingefika kwenye sehemu zilizonyooka tu.

Katikati kuna mpango ambao naupenda zaidi, na wakandarasi wengi hawautaji kwa sababu kila mmoja ana kifaa chake cha kuuza: pita kwanza mirija yote kwa sauti ya hewani, chagua ile inayotiliwa shaka pamoja na sampuli ya ile iliyoonekana mizima, kisha upime hiyo kwa IRIS. Sampuli ya mizima isiachwe. Ndiyo itakayokuambia kama kuna kitu kinaendelea nje ya ukuta ambacho kipimo cha kwanza hakingeweza kukisikia.

Mpango huu ni mzuri pia kwa kupunguza kazi ya kusafisha, maana, tuseme, mirija 80 kusuguliwa hadi chuma kionekane ni tofauti kabisa na 600.

Sauti inayokimbia ndani ya bomba

Mkandarasi wa tatu anafunga mkanda wa vitoa sauti kuzunguka bomba, anatuma wimbi linalosokota chuma, na wimbi hilo linakwenda pande zote mbili kwa makumi ya mita. Masafa ni ya chini, kilohezi 20 hadi 100 hivi. Kazi nyingi ya kuifikisha mbinu hii viwandani ilifanyika Imperial College, London, katika miaka ya 1990.

Ni kwa ajili ya mabomba, si mirija ya kibadilisha joto. Inafaa pale bomba limevikwa sufi ya kuzuia joto, linapita juu ya barabara, au limeingia ukutani. Unavua sehemu ndogo ya kufungia mkanda, na unapata habari za mita nyingi usizoweza kuzifikia. Mtu anayenunua chungu sokoni hukigonga na kusikiliza: mlio ukifa anajua kuna ufa, lakini hajui umekwenda kina gani. Wimbi hili linafanana na hilo.

Na hapa kuna hesabu ninayomwomba kila mnunuzi aifanye. Kifaa cha aina hii kwa kawaida hutegemewa kuona upungufu wa takriban asilimia 5 ya eneo la mkato wa bomba. Chukua bomba la inchi 8, kipenyo cha nje milimita 219.1 na ukuta wa milimita 8.18. Eneo la mkato wake ni karibu milimita za mraba 5,400. Asilimia 5 yake ni 270. Kishimo chenye upana wa milimita 10 kilichokula ukuta wote hadi kutoboka kimeondoa milimita za mraba 82, yaani asilimia 1.5. Kipo chini ya kiwango. Bomba linavuja na kifaa kinasema hakuna tatizo.

Kwa hiyo kama adui yako ni kutu pana chini ya sufi, mbinu hii ni msaada mkubwa. Kama adui ni vishimo vyembamba vyenye kina, usiitegemee peke yake. Flanji, yaani viungo vya bomba vinavyofungwa kwa bolti, huisimamisha kabisa, kona na viungo vya kuchomelea huitatiza. Popote inaponyoosha kidole, lazima mtu aende na kipimo cha unene athibitishe.

Kipimo cha mkononi, cha bei ndogo, na majanga mawili

Hicho kipimo cha unene cha mkononi kila karakana inaweza kuwa nacho. Probu ya megahezi 5, grisi au jeli kidogo, namba inatokea. Wengi wanakidharau. Mimi nakiheshimu sana, ila kina mitego.

Rangi inakidanganya: sauti inakwenda polepole kwenye rangi, kwa hiyo rangi ya milimita 0.3 inaweza kusomeka kama zaidi ya nusu milimita ya chuma ambacho hakipo. Chagua kifaa kinachopima kati ya mwangwi wa pili na wa tatu, au kwangua rangi. Joto nalo linakidanganya kwa upande wa hatari: sauti hupungua kasi takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 55 zinazoongezeka, na bomba la moto linaonekana nene kuliko lilivyo. Kwenye mirija ya boila yenye uso uliochakaa, kuna probu za EMAT zinazozalisha sauti ndani ya chuma kwa sumaku na umeme bila jeli; ni ghali, lakini kwa ukuta mpana wa mirija ya tanuru zinaokoa siku nyingi.

Mtego mkubwa zaidi ni kwamba kinapima nukta moja, na nukta unaichagua wewe. Tarehe 9 Agosti 2004, kwenye kituo cha nyuklia cha Mihama nchini Japani, bomba la maji ya moto upande wa mashine za mvuke lilipasuka. Wafanyakazi 5 walifariki na 6 waliumia. Ukuta uliokuwa milimita 10 ulikuwa umebaki sehemu ndogo sana pale palipoliwa na mkondo wa maji. Kipimo cha mkononi kingeona upungufu huo kwa dakika moja. Sehemu hiyo haikuwa kwenye orodha ya ukaguzi, na haikuwahi kupimwa tangu kituo kilipoanza kazi mwaka 1976.

Miaka minane baadaye, tarehe 6 Agosti 2012, bomba lilipasuka kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron kule Richmond, California. Hapo vipimo vilikuwa vimefanyika. Vilifanyika kwenye viungo na kona, ambazo chuma chake kilikuwa na silikoni ya kutosha na kiliendelea kuwa kinene, huku kipande kilichonyooka chenye silikoni kidogo kikiliwa haraka katikati yake. Namba zilikuwa sahihi, za mahali pasipo na ugonjwa.

Ndiyo maana kifaa cha bei ndogo chenye orodha iliyofikiriwa vizuri ya sehemu za kupima kinaweza kukulinda kuliko teknolojia mpya iliyoletwa bila kujua maji yanapinda wapi.

Pale sauti isipofaa

Kwa mirija ya shaba nyekundu, shaba ya njano, chuma kisichoshika kutu au titani, kipimo cha mikondo ya eddi (mikondo ya umeme inayozushwa ndani ya metali kwa sumaku) mara nyingi ni chaguo bora kama kazi ya kwanza: kina kasi kubwa, hakihitaji maji, na kinaona nyufa ambazo IRIS haizioni. Kwenye chuma cha kawaida sumaku yake inakitatiza, na hapo ndipo mawimbi ya sauti yanapotawala.

Kabla ya kusaini

Omba cheti cha fundi atakayeshika kifaa mwenyewe, si cha kampuni. Chini ya ISO 9712, kiwango cha kimataifa cha vyeti vya wakaguzi wa aina hii, kuna ngazi tatu. Mwenye ngazi ya kwanza hufanya kazi chini ya maelekezo, na tafsiri ya matokeo isimamiwe na mwenye ngazi ya pili au ya tatu. Kisha dai mrija wa mfano: kipande cha metali ileile, kipenyo kilekile na unene uleule kama mirija yako, kilichochimbwa kasoro za kina kinachojulikana, ndani na nje. Apime hicho mbele yako kabla ya kuanza na baada ya kumaliza kila zamu. Mkandarasi anayekataa sharti hili usimpe kazi, hata bei yake iwe ndogo namna gani.

Na kumbuka kuwa hakuna kati ya vipimo hivi kinachochukua nafasi ya ukaguzi wa kisheria wa boila. Nchini Kenya unasimamiwa na sheria ya usalama na afya kazini ya 2007, Tanzania ile ya 2003.

Ripoti ikifika, usiridhike na rangi nyekundu na kijani. Dai namba za kila mrija kwenye faili unaloweza kulifungua mwenyewe, maana thamani ya ukaguzi wa mwaka huu utaiona kwenye ukaguzi ujao. Mrija uliokuwa na milimita 2.11 ukasomeka 1.65 baada ya miaka 4, unapoteza takriban milimita 0.115 kwa mwaka. Kama mhandisi wako amekokotoa kwamba kwa shinikizo lenu ukuta usishuke chini ya 1.2, kimebaki kitu kama miaka 4. Panga kuupima tena nusu ya muda huo, yaani baada ya miaka 2, kwa kifaa kilekile na mahali palepale, na ule ambao tayari uko chini ya 1.2 uzibe kwa plagi au uubadilishe kabla moto haujawashwa.